Chupa ya Pili

Bertilla alipochukua chupa yenye kifuniko chekundu, Silvana alijua kuna jambo. Chupa ya kwanza, ya kifuniko cha zambarau, ilikwisha kujaa damu ya mwanawe Timoth na kusimamishwa kwenye kibao cha matundu. Karatasi ya utafiti ambayo Silvana aliisoma kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya kaya thelathini na moja ilisema chupa moja. Ndogo, ya kupima upungufu wa damu na minyoo. Sasa hii nyekundu ilitoka wapi?

“Dada Bertilla, hiyo ya nini?”

“Utaratibu, mama.” Bertilla hakuinua macho. Alikuwa mtumishi wa utafiti, binti wa kutoka Chala, Ufipa, mwepesi wa mkono, na watoto waliolia aliwabembeleza kwa Kifipa ingawa watoto wale wa ziwani hawakukielewa.

“Utaratibu gani? Mimi ni katibu wa kamati. Huo utaratibu sijausikia.”

“Mama Timoth, foleni ndefu. Muulize daktari.”

Silvana hakumwondoa mtoto. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko mengine yote. Sindano ilikuwa bado mshipani, wanawake wanamtazama, Timoth kauma mdomo asilie, naye aliogopa kumvuta mkono. Akasimama kando, akaanza kuhesabu. Kila mtoto aliyekaa kwenye kile kiti alitoka na pamba moja, akaacha chupa mbili. Kufika saa saba mchana watoto walikuwa thelathini na wanane, na kwenye boksi la barafu zilikuwa zimelala chupa sabini na sita.

Angela, jirani yake wa turubai la pili, alikuwa akihesabu pia, ila yeye alimhesabu Silvana. “Katibu,” alisema kwa sauti ya kusikika, “leo mmelipwa kwa kichwa au kwa chupa?”

* * *

Ghala lilikuwa la mahindi kabla halijawa la watu. Lilisimama ukingoni mwa Mazwi, mjini Sumbawanga, na tangu maji ya Ziwa Tanganyika yapande na kumeza nyumba zao kule Kasanga, familia zile zilikaa humo zikitenganishwa na maturubai, zikingoja viwanja. Wenyeji waliwapa unga, wakawapa na jina: watu wa maji. Baridi ya Ufipa mwezi wa saba haina adabu, na watu waliozoea joto la mwambao walitembea mchana kutwa wamejifunga mablanketi, watoto wa mjini wakiwacheka njiani.

Watu wa mbali wakisikia tu jina la Sumbawanga hupapasa hirizi zao. Wangejua! Katika ghala lile hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwogopa mchawi. Walichoogopa ni karatasi. Walikwisha kuandikishwa mara sita na watu sita tofauti, na kila walipoandikishwa kuna kitu kilipungua. Kwa hiyo Daktari Victor alipokuja na utafiti wake wa afya ya watu waliohamishwa, akisema sharti iundwe kamati ya wananchi ya kusimamia maadili ya utafiti, watu walimsikiliza wamekunja mikono. Kamati ikaundwa, ya watu watano. Silvana akawa katibu kwa sababu alifika kidato cha pili na mwandiko wake ulisomeka. Mzee Cleophas akawa mwenyekiti kwa sababu ya mvi. Kikao cha kwanza walipewa soda, na kuanzia siku hiyo ghala zima likawaita Kamati ya Soda.

Kazi yenyewe ilikuwa moja. Boksi la damu lisiondoke Sumbawanga kwenda maabara mpaka kamati itie saini kwamba kila kitu kimefanyika kama watu walivyoelezwa. Saini ilitakiwa Jumatatu.

* * *

“Tia tu,” alisema mumewe Alphonce jioni ile. “Damu ikishatoka imetoka. Utairudisha mwilini?”

Walikuwa wamekaa nyuma ya turubai lao, sufuria ya ugali wa ulezi katikati. Ugali wenyewe mweusi, wa kupewa, na dagaa wa kununua kwa kopo, jambo ambalo lilimfedhehesha Alphonce kila alipotia tonge. Yeye kununua dagaa! Miaka kumi na tisa alikuwa nahodha wa boti la mizigo, Kasanga hadi Mpulungu ya Zambia, Kasanga hadi Moba ya Kongo. Boti halikuwa lake, na gati lilipozama mwenye boti alilipeleka bandari ya Kipili na watu wengine. Sasa Alphonce alibeba magunia kwenye mashine ya kusaga. Lakini jina lilibaki. Ghala zima lilimwita Nahodha, wazee kwa watoto, hata mkewe, ambaye alimwita hivyo tangu kabla hawajazaa. Wakigombana watu juu ya maji au juu ya mahali pa kulala, wangesema: aitwe Nahodha. Naye angefika na mavumbi ya unga kichwani, akaamua, na neno lake likashika.

“Wewe hujashangaa,” Silvana alisema.

“Nishangae nini?”

“Nimekwambia chupa zilikuwa mbili. Hukuuliza ya pili ya nini.”

Alphonce alichovya tonge mara mbili kwenye mchuzi uleule. “Wataalamu wana mambo yao.”

“Umepewa kitu, Nahodha?”

“Nipewe nini? Nani anipe?” Aliinua sauti, kisha akaishusha kwa sababu upande wa pili wa turubai vyombo vya Angela vilikuwa vimenyamaza ghafla. “Mwanamke wewe sasa unanipekua mimi? Anza na hao wenzako wa soda.”

Silvana alimtazama. Alikuwa ameishi na mtu huyu katika dhoruba na katika njaa, na hakuwahi kumwona akikwepa macho. Shaka ilimwingia pale, na hakuipenda, kwa maana shaka ya jirani unaweza kuifungia mlango, lakini ya mumeo unalala nayo mkeka mmoja.

“Baba, mkono unawasha,” alisema Timoth.

“Usikune,” walijibu wote wawili pamoja.

* * *

Jumatatu asubuhi Silvana na Mzee Cleophas walikwenda kwa miguu hadi ofisi ya utafiti, chumba cha kupanga nyuma ya duka la vifaa vya baiskeli. Kijana wa mapokezi alitazama viatu vyao vyenye tope akawaambia wangoje nje. Wakangoja kwenye benchi, upepo ukiwapiga, saa nzima na ushei. Mzee Cleophas alikuwa na miaka sabini na mbili. Walimwona Daktari Victor akipita mara mbili dirishani na kikombe cha chai.

Walipoingia aliwasalimu vizuri. “Shikamoo, mzee. Mama, karibuni. Mmeleta saini?”

“Marahaba,” alisema Cleophas. “Tumeleta swali.”

Silvana aliuliza. Daktari Victor, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye sweta zuri, alieleza bila kusita. Chupa nyekundu ni ya kuhifadhiwa, kwa tafiti za baadaye. Haina madhara yoyote.

“Tafiti gani?”

“Bado hazijajulikana, mama. Ndiyo maana tunahifadhi.”

“Na itahifadhiwa wapi?”

“Maabara kubwa. Nje ya mkoa. Pengine nje ya nchi.”

“Miaka mingapi?”

“Inategemea.”

Mzee Cleophas aligeuka akamtazama Silvana. “Wewe uliyajua haya?”

“Mzee, ningeyajua ningeuliza?”

“Sijui,” alisema Cleophas. “Siku hizi sijui mtu.”

Daktari Victor alitabasamu kwa subira, ile subira ya mtu mwenye basi la kuwahi. “Wazee wangu, msiwe na wasiwasi. Kwa chupa ya pili tuna ridhaa ya maandishi. Kiongozi wenu alitia saini kwa niaba ya kaya zote, wiki ya kwanza kabisa, kabla ya kamati. Kila kitu ni halali.”

“Kiongozi gani?” waliuliza pamoja.

“Hilo faili ni siri ya utafiti.”

Silvana alifungua mkoba wake wa kitenge, akatoa karatasi ya kuunda kamati, akaisoma polepole kama mtoto wa darasa la tatu, kidole juu ya mstari: kamati itakuwa na haki ya kuona fomu yoyote ya utafiti wakati wowote. Chini yake kulikuwa na saini ya Daktari Victor mwenyewe. Yule daktari alitazama saa. Bertilla, aliyekuwa akipanga glavu kwenye kona, hakungoja kuambiwa. Alivuta faili kwenye kabati, akalifungua mahali penyewe, akaliweka mbele ya Silvana, kisha akarudi kwenye glavu zake.

Mwandiko aliujua kabla ya kulisoma jina. Ule mwandiko ulikuwa umejaza mamia ya fomu pale bandarini Kasanga, herufi zimesimama wima, nambari zimepigiwa mstari chini. *Jumla: watu 142. Wote salama. A., Nahodha.*

Mzee Cleophas, ambaye miwani yake ilibaki majini pamoja na nyumba, alisogeza uso karibu na karatasi asione kitu. “Nani?” aliuliza. “Nani huyo? Nisomee.”

Hapo Silvana angeweza kutaja jina lolote. Angeweza kusema ni yule mzee Felisian aliyerudi kwao mwezi wa tano, mtu wa mbali asiyeweza kujibu, na Cleophas angeamini. Neno lilimfika kabisa kwenye ulimi.

“Nitalisoma kesho mbele ya watu wote,” alisema. “Daktari, boksi haliondoki. Na nipige picha hii.”

Njia nzima ya kurudi Mzee Cleophas alitangulia mbele, asimngoje.

* * *

“Daktari alinikuta pale nje nimekaa,” Alphonce alisema. “Aliuliza kiongozi wenu nani, wakanionyesha mimi. Nikampa kiti.”

Silvana alikuwa ameweka simu juu ya gunia, ile picha ikiwaka kati yao.

“Alikueleza ni damu?”

“Alieleza.”

“Alikueleza itapelekwa nje?”

“Alisema mambo mengi. Mimi niliuliza jambo moja tu, tupo wangapi kwenye orodha yake, maana alikuwa na watu mia na thelathini na tisa, nikamwambia umekosea, tupo mia na arobaini na mbili. Nikamsahihishia.” Alisema hivyo na kidevu kikainuka kidogo, kisha kikashuka. “Ndivyo tulivyofanya siku zote, Mama Timoth. Boti likitia nanga, ofisa haulizi abiria mmojammoja. Anamwita nahodha. Nahodha anasema wapo kadhaa, wazima, anatia saini, watu wanashuka. Kama kuna lawama inakuja kwangu. Nilichukua lawama yenu, sikuchukua kitu kingine.”

“Hukupewa hela?”

“Nife leo. Hata soda.”

Silvana alimwamini, na kumwamini kukawa kuchungu kuliko kama angegundua noti chini ya godoro. Angekuwa mla rushwa angemkasirikia mpaka basi. Lakini alimwona kabisa mumewe siku ile: mtu aliyebebeshwa magunia miezi minane, kisha anakuja msomi mwenye sweta, anampa kalamu, anamwambia tunakuhitaji wewe. Nani asingetia?

“Kwa nini hukuniambia?”

“Botini sikuwahi kukuuliza ndipo nisaini.”

“Na Timoth? Yeye ni mzigo?”

Alphonce alisugua unga uliokauka kwenye kucha. Halafu akasema kwa sauti ya chini ambayo Silvana hakuizoea, “Usilisome. Nakuomba. Sema fomu ina kasoro, sema lolote, damu imwagwe, mimi sina neno. Lakini jina usilisome. Nyumba imekwenda, kazi imekwenda. Watu hawa wakiniita Nahodha ninasimama. Wakiacha, nitasimama na nini?”

“Basi lisome wewe. Simama wewe mwenyewe uwaambie. Watakusamehe.”

“Siwezi.”

“Wewe uliyevuka kwenda Moba usiku wa mawimbi?”

“Yale yalikuwa mawimbi,” alisema Alphonce.

* * *

Mkutano ulifanyika mchana wa Jumanne mbele ya ghala. Daktari Victor alikuja na gari, Bertilla akiwa nyuma na boksi la barafu mapajani. Watu walikuja wote, hata wagonjwa. Uvumi ulikuwa umetangulia: damu imeuzwa, waliotoa wamefutwa kwenye orodha ya viwanja, kamati imegawana mbuzi. Mwingine alisema mumiani siku hizi wana digrii. Mzee Cleophas alifungua kikao kwa maneno mawili akampisha katibu.

Silvana aliwaeleza chupa ya zambarau ni ya nini na nyekundu ni ya nini. Alieleza bila kuongeza chumvi. Kisha akasema, “Chupa ya pili imekubaliwa kwa fomu hii, kwa niaba yetu wote,” akamtafuta mumewe kwa macho. Alphonce alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango. Silvana alimpa nafasi ya kuhesabu mpaka kumi. Alihesabu kweli. Alphonce alitazama boksi.

Basi akasoma. Alisoma jumla ya watu, akasoma wote salama, akasoma jina na cheo.

Hakuna aliyepiga kelele, ingawa wengine walitarajia. Vichwa viligeuka tu, kimoja baada ya kingine.

“Nahodha,” alisema Mzee Cleophas. “Umenivusha mara ngapi mimi? Niliweka roho yangu kwenye boti lako nikalala usingizi. Sasa niambie. Hili ulituuliza lini?”

Alphonce alifungua mdomo. “Niliona… mimi ndiye niliyezoea kuwajibu.”

“Botini tulipanda kwa miguu yetu,” Angela alidakia. “Nauli tulitoa wenyewe. Kwenye hii karatasi nani alitupandisha? Au huyu mwanangu nilizaa na nahodha?”

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na Silvana alikisikia kikimpiga yeye pia. Daktari Victor alijaribu kusema kwamba walifuata taratibu, kwamba ruhusa ya kiongozi inatambulika, lakini akaona nyuso zile akaacha. Alikiri, na kwa hilo apewe haki yake, kwamba walifanya haraka na kwamba kiongozi hawezi kumsemea mzazi. Akauliza watu wanataka nini.

“Tuulizwe,” alisema mama mmoja kutoka nyuma.

Wakaulizwa. Silvana alishika orodha akaita mtoto mmojammoja, na mzazi akasimama akasema chupa nyekundu ibaki au iharibiwe. Ilichukua saa mbili. Wengine walikubali, walisema kama itasaidia watu wa kesho, sawa. Watoto tisa wazazi wao walikubali. Ilipofika zamu ya Timoth, Silvana alilisoma jina la mwanawe kwa sauti ileile aliyosomea mengine, na kwa desturi macho yote yakaenda kwa baba. Alphonce hakuwa mlangoni tena.

“Iharibiwe,” alisema Silvana, akajiwekea alama mwenyewe.

Chupa ishirini na tisa zilichomwa jioni ile kwenye kichomea taka cha kituo cha afya, wazazi watatu wakishuhudia. Za zambarau zilikwenda maabara na saini ya kamati.

* * *

Mtu angefikiri Silvana angeshukuriwa. Kufika Alhamisi ghala lilikwisha kukata shauri lake: mke na mume walipanga. Huyu anatia saini, huyu anasoma. Mambo yakiharibika mmoja anabaki msafi. Alilijua lini? Jumatatu. Kwa nini alingoja mpaka Jumanne? Walikuwa wanaandaa uongo nyumbani. Angela, ambaye turubai lilimpa kila neno la jioni ya Jumatatu, alijua ukweli wote, hata jinsi mwanaume alivyoomba jina lisisomwe. Hakusema kitu. Watu wakadai kamati mpya, na kwenye uchaguzi alipata kura nyingi, akawa katibu.

Silvana alimkabidhi daftari na kalamu. “Hesabu kila chupa,” alimwambia. “Na kila fomu, soma mpaka chini.”

“Nitasoma,” alisema Angela. “Hasa majina.”

Alphonce alirudi kazini kwenye mashine ya kusaga, akawa anaondoka alfajiri na kuja jioni, akipitia upande wa nyuma wa ghala. Nyumbani hawakugombana. Silvana alimpakulia chakula, naye alikula. Jioni moja Alphonce alisema, “Ulifanya sawa,” na Silvana akajibu, “Najua,” na wote wawili wakaona haikusaidia. Alimhurumia kiasi cha kutaka kulia, lakini angeambiwa arudie siku ile angesoma tena.

Jumamosi hakukuwa na kazi, na Silvana alimtuma maji. Bombani kulikuwa na foleni ndefu, wanawake na watoto, ndoo kumi na tano na zaidi. Zamani angefika tu, na mtu angesema mpisheni Nahodha, naye angekataa kwa adabu. Hakuna aliyempisha. Alipanga ndoo yake mwisho akasimama, mikono mfukoni, akitazama mbele. Foleni ilisogea. Wawili wakagombana juu ya zamu, wakageuka huku na huku wakitafuta mwamuzi, macho yao yakampita, wakaamua wenyewe.

Ilipofika zamu yake Angela ndiye aliyekuwa ameshika koki. Alimtazama bila chuki.

“Baba Timoth,” aliita, “lete ndoo.”

Alphonce hakusogea. Aliendelea kusimama na kutazama mbele, akimngoja huyo aliyeitwa apite.